Aliyekaa Kiti cha Kushoto

Mshale wa geji ulikuwa umesimama kwenye pointi mbili, na gari lilikuwa limezimwa tangu jana jioni.

Ditram aliuona kupitia kioo cha mlango kabla hajatoa ufunguo mfukoni. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Malori ya kwenda Iringa yalishaanza kupita mbele ya gereji yake pale Mikumi, na nyani watatu walikuwa wamekaa juu ya rundo la matairi wakimtazama kama wateja waliowahi foleni. Akafungua mlango, akainama, akaigonga geji kwa ukucha. Mshale ukashuka hadi sifuri, lakini polepole, kama mtu anayeachia pumzi aliyokuwa ameibana ili asijulikane alipo. Upande wa pili wa ukuta, ndani ya nyumba, mke wake Neema akakohoa. Alikohoa mara moja tu. Ditram akajiambia kwamba geji za zamani hudanganya, akachukua bisibisi, akaanza kazi.

Inafaa kumwelewa. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa akitengeneza klachi za malori yaliyochoka kupanda Kitonga, breki za Noah za abiria, na pikipiki zilizogongwa na watu wasiotaka kueleza zimegongwaje. Kazi hiyo iliwalisha yeye, Neema na binti yao Lightness, wala hakuidharau. Ila hakuwahi hata siku moja kuwekewa mikononi kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya uzuri. Sasa kilikuwa kimekuja: gari la michezo la Kijapani, la mwaka tisini na moja, milango miwili, wekundu wake umepauka juu ya boneti lakini bado lina umbo la kumfanya mtu ageuke. Mwenyewe alikuwa Nassir, kijana wa Kilosa mwenye duka la simu, aliyelinunua Dar es Salaam mwezi uliotangulia. Mwisho wa mwezi magari ya zamani yangekutana Morogoro, na Nassir hakutaka la kwake liachwe nyuma.

"Kiwandani waliliwekea pointi saba, fundi," alisema. "Mimi nipe tisa. Nikikanyaga, watu wa Morogoro waulizane Kilosa kuna nini."

"Injini ni ya zamani. Pointi tisa inaweza kuipasua."

"Ndiyo maana nimekuja kwako, sikwenda kwa wale wakata springi wa kushusha gari tu."

Pointi hizo ni za presha ya tabo. Tabo ni feni mbili kwenye mhimili mmoja: ya kwanza inazungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, ya pili inavuta hewa ya nje na kuishindilia ndani. Hewa ikiongezeka, nguvu inaongezeka. Ikipita kiasi, vyuma vinayeyuka. Kiasi hicho hulindwa na mpira mwembamba na skrubu ndogo kama ukucha wa kidole cha mwisho. Fundi huigeuza skrubu nusu mzunguko, huendesha, hutazama geji, husikiliza kama injini inagonga, hurudi, hufungua plagi na kusoma rangi yake, kisha nusu mzunguko tena. Ni kazi ya siku nyingi, na huifanya peke yake, maana mtu mwingine akiongea garini hataweza kusikia anachopaswa kusikia.

Ditram alichagua barabara ya Kidatu, kwa sababu barabara kuu ndani ya hifadhi ina matuta na ina tembo. Kila asubuhi, hewa ikiwa bado ya baridi, aliteremka hadi kwenye mashamba ya miwa ya Ruhembe, akaweka gia ya tatu na kukanyaga. Siku ya kwanza aliliacha kwenye pointi saba kama lilivyokuja. Mluzi wa tabo ulianzia chini, ukapanda, na alipoinua mguu gari likashusha pumzi ndefu kupitia vali yake, kwa sauti kubwa, hadi wakata miwa wakasimama na mapanga mikononi wakacheka. Ditram naye alicheka. Alirudi Mikumi na furaha ambayo hakujua amweleze nani.

Alijaribu kumweleza Neema. Neema alikuwa akichambua mchele. Alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia avue ovaroli aifue. Alipoipokea, akaisogeza puani.

"Baba Lightness, huyu uliyempakia anaitwa nani?"

"Sijampakia mtu."

"Inanuka asumini. Oili naijua, na jasho lako nalijua. Hii ni asumini."

Ditram akainusa mwenyewe, na ilikuwepo kweli, tamu na nzito, kama maua yaliyolowekwa kwenye oili ya moto. Akasema labda ni marashi ya mwenye gari wa zamani yaliyokolea kwenye viti. Neema akasema marashi ya zamani hayawi na nguvu hiyo. Hakupandisha sauti. Alikwenda gereji mwenyewe, akalizunguka gari mara moja, akachungulia ndani, akarudi kwenye mchele wake. Baadaye alimuuliza mumewe kwa nini kiti cha kushoto kimesogezwa mbele kabisa, kama cha mwanamke mfupi, wakati yeye aliye mke hajawahi kukikalia.

Jioni ile alikisogeza nyuma hadi mwisho. Asubuhi alikikuta mbele tena, sponji yake imebonyea katikati, na alipoweka kiganja juu yake ilikuwa na joto.

Aliogopa, hatuwezi kusema hakuogopa. Lakini woga wake ulichanganyika na kitu kingine kilichofanana na fahari, kwa kuwa mtu aliyezoea kuitwa wakati kitu kimeharibika hazoei kuchaguliwa. Jumamosi Nassir alipokuja kulijaribu, gari lilimzimikia mara tatu kabla hajatoka getini. Akarudisha ufunguo akicheka, akasema gari limemzoea fundi kuliko yeye aliyelinunua. Ditram akacheka pia, na ndani yake akaona raha mbaya, raha ya mtu anayesikia mke wa jirani akimsifia. Usiku ule alilala akiwaza kwamba siku moja Nassir atalichukua moja kwa moja, na wazo hilo lilimuuma mahali ambapo gari halipaswi kumuumiza mtu.

Siku alipofika pointi nane, Neema alishindwa kubeba ndoo ya maji kutoka bombani. Alikaa chini katikati ya njia, mikono juu ya magoti, akivuta hewa kama anainywa kwa mrija ulioziba. Kwenye zahanati walimsikiliza kifua, wakampa dawa ya kuvuta kwa mdomo, wakamtuma Kilosa kupiga picha. Picha ilitoka safi. Daktari alisema mapafu ni mazima, na akaonekana yeye mwenyewe hakuridhika na jibu lake. Lightness, aliyekuwa na miaka sita, alipelekwa Kisanga kwa bibi yake mzaa mama ili Neema apate kupumzika.

Siku ya pointi nane na nusu, Neema hakuweza tena kumaliza sentensi kwa mkupuo mmoja. Alikuwa amelala mkekani, mto umeegemezwa ukutani, na Ditram alikuwa akinawa mikono kwa sabuni ya unga.

"Liondoe," alisema. Akangoja hewa ije. "Au uniondoe... mimi."

"Imebaki nusu mzunguko tu, Mama Lightness. Kesho namaliza, namkabidhi mwenyewe, nakaa hapa nikuuguze."

Alimaanisha alichosema. Kwake yeye gari lilikuwa gari na kifua kilikuwa kifua, na hakuna shule aliyosoma, wala ya darasani wala ya chini ya boneti, iliyowahi kumfundisha vinginevyo. Neema aligeuza uso ukutani. Alisema kwa maneno mawili mawili kwamba hajawahi kumwonea wivu mwanamke yeyote tangu waoane, na kwamba ni aibu kufa ukiwa unakionea wivu chuma.

Asubuhi ya pointi tisa kulikuwa na ukungu juu ya miwa, na harufu ya sukari iliyoungua kutoka shamba lililochomwa jana. Ditram aliingiza gia ya tatu, akakanyaga, na mluzi ukaanza chini kama siku zote ukapanda, lakini safari hii ulipopanda ulikuwa na mkwaruzo katikati, mkwaruzo mwembamba unaokatika na kuungana, na sikio lake lililozoea kutenganisha sauti moja na nyingine likaitambua ile sauti kabla akili yake haijakubali, kwamba ndiyo aliyolala akiisikia usiku kucha pembeni yake, ndiyo kifua cha Neema, inapanda pamoja na mshale, pointi saba, pointi nane, pointi tisa, na kadiri ilivyozidi kuwa nyembamba gari lilizidi kuwa jepesi na tamu mikononi, hata akatamani, na hilo ndilo lililomtisha kuliko yote baadaye, akatamani kuendelea kukanyaga hata kidogo tu, mpaka alipolazimisha mguu kuinuka na gari likashusha pumzi yake ndefu, na ndani ya pumzi ile, karibu kabisa na sikio lake la kushoto, kwenye joto lenye asumini, mtu akasema kwa upole:

"Zake zimebaki chache. Ongeza."

Alisimamisha gari katikati ya miwa. Mkanda wa kiti cha kushoto ulikuwa umevutwa na kufungwa, umekaza juu ya kifua ambacho hakikuwepo.

Alitoka, akafungua boneti, akailegeza skrubu yote hadi ikadondoka majanini. Akarudi akiendesha taratibu kuliko baiskeli. Mshale haukushuka. Alifika Mikumi ukiwa kwenye pointi tisa, akazima gari ukiwa kwenye pointi tisa, na ndani akamkuta Neema sakafuni, midomo imekuwa ya kijivu.

Nassir alifika kabla ya saa sita. Alikuja akitania, mpaka akamwona Neema. Ndipo akasema jambo ambalo hakuwahi kulisema, kwa kuwa yeye hajaoa na hakuona linamhusu. Aliyemuuzia alikuwa mzee aliyezika wake wawili, wote kwa maradhi ya kifua, na wa tatu alikimbia akiwa hai. Yule mzee alimweleza akicheka kwamba anauza gari kwa sababu anataka kuoa tena.

"Lichukue, Nassir," Ditram alimwambia. "Nenda nalo Kilosa sasa hivi."

Nassir alilichukua, na siku hiyo halikumzimikia. Kabla hajamaliza nyumba za Mikumi, Neema alifungua mdomo na hakuna kitu kilichoingia. Macho yalimtoka. Aliukamata mkono wa mumewe akauchimba kwa kucha, na Ditram akapiga simu kwa mkono mwingine akimwambia Nassir ageuze, ageuze hapo hapo alipo. Gari liliporudi uani, hewa kidogo ikamrudia.

"Ziko humo," Neema alisema alipoweza. "Pumzi zangu."

Ni mama yake Neema, kwa simu kutoka Kisanga, aliyetaja jina la Teresia, mganga wa Vidunda. Kesho yake akaja: mwanamke wa makamo, mkulima wa maharage, ameshuka milimani kwa bodaboda na kofia ngumu kichwani. Ditram akampa shikamoo, naye akaitikia marahaba bila kumtazama, kwa sababu alikuwa akilitazama gari. Ditram akamuuliza kama wangoje giza liingie.

"Usiku ni wa kuwatisha wateja," Teresia alisema. "Huyu anafanya kazi mchana. Tutamkuta kazini."

Akataka aelezwe tabo ni nini. Ditram akaeleza, kwanza kwa haraka, kisha polepole, kwa kuwa hajawahi kupata msikilizaji makini hivyo. Teresia akauliza kama amesikia sawasawa, kwamba kile kinachotupwa nje ndicho kinachozungusha kile kinachovuta ndani. Akaambiwa ndivyo.

"Basi alipata nyumba inayomfaa. Ni jini mahaba, baba. Hana chuki na mkeo kama mkeo. Anakupenda wewe, na anachotaka kwa mkeo ni nafasi yake."

Akampa maagizo. Wabakize petroli ya lita moja tu. Gari liwashwe, liachwe lingurume bila kukanyagwa, mpaka lizime lenyewe kwa kuishiwa. Neema akae mlangoni mwa nyumba, Ditram akae kwenye usukani. Pumzi zitarudi kwa mwenyewe kidogo kidogo, na yule atatoka na moshi kidogo kidogo, kama alivyoingia.

"Ukimkatia ghafla atatafuta mlango ulio karibu. Kwa hiyo ufunguo usiuguse. Utaitwa, utabembelezwa, utatukanwa. Usiuguse."

"Hata tabo ndivyo ilivyo, mama," Ditram alisema. "Ukitoka mwendo mkali huzimi papo hapo. Unaliacha lipoe, la sivyo oili inaungulia kwenye mhimili. Wateja wangu wote nawaambia."

"Vizuri. Sina haja ya kukufundisha kazi yako."

Saa saba mchana, jua likiwa limesimama juu ya bati, Ditram aliwasha. Neema alikuwa amekaa mkekani mlangoni, na Teresia nyuma yake amemshika mabega, chetezo cha majani kikifuka miguuni pao. Nassir alisimama getini kuzuia watu. Mwanzoni hapakuwa na kitu ila ngurumo ya gari. Kisha mshale ukaanza kushuka, pointi nane, pointi saba, na kule mlangoni rangi ikaanza kurudi kwenye uso wa Neema, kwanza midomo, kisha mashavu. Kwenye pointi tano alivuta hewa ya kwanza isiyo na mkwaruzo. Nassir akajifuta macho kwa mkono wa shati.

Kwenye pointi nne kiti cha kushoto kikabonyea. Harufu ikajaa gari lote hadi Ditram akahisi ladha yake ulimini, na sauti ikaanza, ya chini, isiyo na hasira, ikimuuliza ni nani mwingine aliyewahi kumsikiliza akifanya kazi, ni nani aliyecheka naye asubuhi ile ya kwanza Ruhembe, ni lini mtu wa nyumba ile alimuuliza skrubu ile ni ya nini, na atarudi kesho kwenye klachi za malori na mikono ileile iliyoonja kitu kingine, na atakapozeeka ataikumbuka gia ya tatu kama wengine wanavyokumbuka harusi yao. Na Ditram, aliyekaa mikono magotini akitazama mbele, jasho likimwingia machoni, alijua kwamba hakuna neno hata moja la uongo katika hayo, na akaendelea kukaa. Pointi tatu. Pointi mbili. Sauti ikanyamaza. Petroli ilikuwa imebaki ya dakika moja, labda chini ya hapo.

Kwenye pointi moja mambo mawili yalitokea kwa pamoja.

Injini ilianza kugonga. Petroli ilikuwa ikiisha na hewa imezidi, na ile sauti ikaja, kali na kavu, kama spana inayopigwa kwenye mfupa, ambayo kila fundi wa tabo huisikia hata usingizini, sauti ya pistoni inayojiandaa kupasuka. Na mlangoni Neema alishika koo, akamponyoka Teresia, akaanguka kifudifudi akiita, "Baba Lightness."

Mkono wa Ditram ukageuza ufunguo.

Mpaka leo hajui uligeuza kwa ajili ya nani. Amejiuliza mara nyingi, tena kwa unyofu, na kila mara anazisikia sauti zote mbili kwa pamoja na anauona mkono ukienda. Sisi nasi hatujui. Ila kulikuwa na mmoja garini aliyekuwa akingoja kuona utakwenda lini, na hakujali sababu.

Mshale ulianguka kutoka moja hadi sifuri kwa mruko. Uani kukawa kimya. Neema, akiwa bado chini, akavuta pumzi moja, ndefu, ndefu kupita kifua cha mtu, mpaka moshi wa chetezo ukapinda ukaelekea mdomoni mwake, ukaingia wote. Kisha akainuka, akakaa, akajifunga kanga vizuri. Akatabasamu.

Nassir alisema alhamdulillahi. Ditram alikimbia akapiga magoti mbele ya mkewe, akamshika uso, na uso ulikuwa na joto. Teresia alikuwa amerudi nyuma hatua tatu, akitazama viganja vyake mwenyewe.

"Nani amezima?"

"Alikuwa anakufa, mama."

"Ilibaki kiasi gani?"

"Tone. Dakika moja."

Teresia akavaa kofia yake. Kuku aliyeandaliwa kuwa malipo yake hakumchukua. Ditram alimfuata hadi getini akimuuliza kama kuna la kufanya, na Teresia akamjibu kwa sauti ya kunong'ona, akiangalia kule mlangoni juu ya bega lake, kwamba yeye anajua kumtoa aliyekaa ndani ya chombo. Aliyefunguliwa mlango na mwenye nyumba, hamwezi.

Nassir alilivuta gari lake hadi Kilosa. Lilipona kwa plagi mpya, likawa gari la zamani kama mengine. Morogoro liliachwa na magari yote, na yeye hakuona vibaya.

Neema naye alipona hivi kwamba majirani walikuja kumtazama. Alibeba ndoo mbili kwa safari moja. Hakukohoa tena. Ngozi yake iling'aa, na alipika vizuri kuliko zamani. Kila asubuhi alimpelekea Ditram chai gereji, kisha akabaki, amekaa kwenye kigoda akitazama mikono ya mumewe. Alitaka kujua kila spana ni ya nini. Siku mwalimu Beatrice alipoleta gari lake kubadilisha oili, Neema alingoja mpaka mteja aondoke, ndipo akauliza, bila ugomvi, kwa nini boneti ya yule mwanamke imefungwa taratibu hivyo. Mwalimu hakurudi tena. Ilisemekana amepata kikohozi.

Jumapili moja, baada ya chakula cha mchana, Neema alijilaza mkekani sebuleni. Mlango ulikuwa wazi, mwanga umejaa chumba. Ditram alikuwa amekaa kwenye kiti akimwangalia, na hakuwa akifikiria lolote, alipoona kwamba maua ya kanga juu ya kifua cha mkewe yametulia. Akangoja yainuke. Nzi alitua kwenye mdomo wake wa juu, akatembea chini ya tundu la pua kwa raha zake. Ditram akaanza kuhesabu. Alihesabu hadi sitini. Alihesabu hadi mia mbili. Alipofika mia tatu na kitu aliinua macho kutoka kifuani, akakuta Neema amefumbua ya kwake, na ilielekea ameyafumbua muda mrefu.

Ili aseme chochote, Ditram akasema shule zinafunguliwa wiki ijayo, kwa hiyo kesho atakwenda Kisanga kumchukua Lightness.

"Mwache mtoto akae na bibi yake," Neema alisema akiwa bado amelala, "Kisanga kuna shule na kuna hewa nzuri na kuna watoto wenzake, na wewe umechoka, na nyumba hii ni ndogo, na mimi sipendi mtu wa kukaa katikati yetu, hata mdogo, hata wa kwako, sisi wawili tunatosha, nimengoja sana, mpigie bibi yake sasa hivi umwambie, nami nikusikie."

Aliyasema yote bila kituo, na kanga haikuinuka hata mara moja.

Ditram alitoa simu. Mama mkwe alipopokea, akampa shikamoo, naye akaitikia marahaba mwanangu, akauliza wanakuja lini, maana mtoto ameshafunga begi tangu juzi na kila pikipiki ikipita anakimbilia barabarani.

"Kaeni naye, mama," alisema. "Msimlete. Hata akilia, msimlete."

Upande wa pili Ditram alisikia sauti ndogo ikiuliza, ni baba?

"Kuna nini?" mama mkwe aliuliza. "Mwenzako vipi? Kifua kimerudi?"

Neema alikuwa amesimama sasa, karibu, mkono wake umelala begani pa mumewe. Ditram alitazama maua ya ile kanga, yaliyotulia kama yamechorwa ukutani.

"Hapana, mama," akasema. "Pumzi hazimsumbui tena."